Mkate wa oti bila unga: katikati mbichi, na mavyaa ana kisukari

Swali:

"Asalaam alaykum. Naishi Chake Chake pamoja na mavyaa wangu. Ana kisukari na anatumia vidonge. Anapenda kitu kitamu cha kunywea chai, na mimi naona huruma kumnyima. Nimesikia kuwa mkate wa oti na matunda, usiotiwa unga wala sukari, hauna madhara kwa mgonjwa wa kisukari, nikaamua kumpikia. Nilitia vikombe 2 vya oti, ndizi 6 kubwa zilizoiva sana, robo kilo ya tende, kikombe cha zabibu kavu, vijiko vikubwa 4 vya asali, nusu kikombe cha tui, yai 1 na kijiko cha chai cha beking pauda. Nilichanganya, nikamimina hapo hapo kwenye sufuria ndogo yenye kina, nikapika kwa mkaa, moto chini na juu. Juu uliungua, katikati ukabaki mbichi na unanata, na nilipoukata vipande 12 ukamomonyoka. Mavyaa alikula vipande 3 akausifu, lakini usiku ule alishikwa na kiu kali na kwenda chooni kila mara. Je, niongeze beking pauda? Bila ya oveni haiwezekani? Na ni kweli mkate huu anaweza kula atakavyo?"

Jibu:

Waalaykumu salaam, dada yangu. Nakushukuru kwa kutaja vipimo vyako vyote. Wengi huandika kwamba walitia "ndizi na oti kiasi", na hapo inakuwa kazi kubwa kumsaidia mtu. Wewe umeeleza kila kitu, na majibu ya maswali yako yote matatu yamo ndani ya vipimo hivyo.

Kabla ya mkate, tuzungumze juu ya ule usiku. Kwa mgonjwa wa kisukari, kiu kali na kwenda chooni kila mara baada ya kula kitamu ni dalili kwamba sukari imepanda. Kazi mojawapo ya figo ni kuirudisha sukari mwilini isipotee kwenye mkojo. Sukari ya damu ikivuka kiasi cha 10 mmol/L (hicho ndicho kipimo cha namba zote za sukari ya damu nitakazozitaja hapa), figo zinaelemewa na nyingine hutoka. Ikitoka huvuta maji, mkojo unakuwa mwingi, mwili unakauka, na kiu inafuata. Kama mavyaa bado yuko katika hali hiyo unaposoma hapa, mpelekeni akapimwe leo. Mkate utasubiri.

Sasa tuhesabu pamoja ulichompikia. Robo kilo ya tende, ukishatoa kokwa, ina sukari karibu gramu 150. Kikombe cha zabibu kina kama gramu 90. Ndizi 6 kubwa zilizoiva zina kama gramu 70, na vijiko vinne vya asali vinapita gramu 60. Jumla ni kama gramu 370. Kijiko cha chai cha sukari kilichosawazishwa ni gramu 4 hivi, kwa hiyo kila kipande katika vile 12 kilikuwa na sukari ya vijiko saba na zaidi. Juu yake kuna wanga wa oti zenyewe, zaidi ya gramu 100, ambao nao ukifika tumboni huvunjwa ukawa sukari. Vipande vitatu alivyokula vilimpa karibu gramu 120 za wanga na sukari kwa pamoja. Kipande chembamba cha boflo, kile cha gramu 30, kina wanga kama gramu 15. Kwa hiyo alikula sawa na vipande vinane vya boflo kwa mkupuo mmoja, naye akiamini kwamba hajala sukari.

Sikuandikii haya kukulaumu. Ulifanya kwa mapenzi, na uliyoyasikia ndiyo yanayosemwa kila mahali siku hizi: ukiondoa unga wa ngano na ukiondoa sukari ya dukani, basi chakula kimekuwa cha mgonjwa wa kisukari. Si kweli. Unga wa ngano ni chanzo kimoja tu cha wanga, na oti ni nafaka kama ngano na mchele, zaidi ya nusu ya uzito wake ni wanga. Tende na zabibu ni matunda yaliyokauka, maji yake yamepungua na sukari imebaki pale pale, ndiyo maana gramu 100 za tende zina sukari gramu 60 na zaidi ilhali gramu 100 za ndizi mbivu zina kama 12 tu. Na asali, ambayo ina heshima yake katika dini yetu na katika tiba za wazee, sibishani na heshima hiyo hata kidogo. Lakini ikiingia kwenye damu ya mwenye kisukari inafanya kazi ya sukari. Hata Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015 juu ya sukari, limeihesabu asali kwenye kundi moja na sukari ya kuongezwa, lile kundi linaloshauriwa lisizidi sehemu moja ya kumi ya nishati yote anayokula mtu kwa siku.

Oti zina wema wao, na ni haki kuusema. Zina nyuzinyuzi kama gramu 10 katika kila gramu 100, na sehemu ya nyuzinyuzi hizo ni ile inayoitwa betaglukani, ambayo ukiichemsha hugeuka utelezi. Ule utelezi unaouona kwenye uji wa oti ndio huo. Tumboni unachelewesha chakula kushuka, na sukari inaingia kwenye damu polepole. Gramu 3 za betaglukani kwa siku hupunguza lehemu mbaya katika damu, na tangu mwaka 1997 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani imeruhusu vyakula vya oti kutangazwa kwa faida ya moyo kwa msingi huo. Lakini angalia kiasi: kipande kimoja cha mkate kina sehemu ndogo tu ya hizo gramu 3. Bakuli la uji wa oti usiotiwa sukari, lenye gramu 40 za oti, linampa betaglukani zaidi ya kipande cha mkate, tena bila ya tende. Kwa hiyo kama shabaha yako ni afya ya mavyaa peke yake, uji unaushinda mkate. Mkate una nafasi yake kwa sababu mtu mzima anahitaji pia raha ya kukaa na chai yake na kitu cha kutafuna, na raha hiyo nayo ni sehemu ya maisha ya mgonjwa.

Tuje kwenye ule ubichi wa katikati. Robo tatu ya uzito wa ndizi mbivu ni maji. Ndizi zako sita, zikishamenywa, zilikuwa na uzito wa kama gramu 600, basi maji yake peke yake ni gramu 450. Ongeza nusu kikombe cha tui na maji ya yai, unapita gramu 550. Oti zako vikombe viwili ni kama gramu 180. Yaani maji yalikuwa mara tatu ya oti, na hicho ni kipimo kinachokaribia uji mzito. Hata ungeupika mpaka asubuhi, katikati pangebaki panata, maana hakuna kitu cha kutosha cha kuyanywa maji yale. Kwa mkate wa namna hii, maji yote yaliyomo kwenye matunda, mayai na maziwa au tui yasifike mara mbili ya uzito wa oti, na yakiwa mara moja na nusu au karibu yake ni bora zaidi.

Jambo la pili ni kinachoshika mkate. Ngano ina protini inayoitwa glutini, ambayo ikikandwa na maji hujifunga kama wavu na kuzuia mkate usimomonyoke. Oti hazina wavu huo. Kazi yake inabidi ifanywe na vitu vitatu kwa pamoja: mayai, ambayo yakipata moto hugandamana, wanga wa oti, ambao ukinywa maji na kupashwa moto huvimba na kuwa gundi, na ule utelezi wa betaglukani. Wewe ulitia yai moja kwa mchanganyiko wa karibu kilo moja na nusu. Yai moja haliwezi. Na oti zako hukuzipa muda wa kunywa maji, zikaingia motoni kavu, kila chembe ikawa peke yake ndani ya rojo la ndizi. Hapo ndipo yanapotokea yale mawili uliyoyaona kwa pamoja, mkate unaonata na bado unamomonyoka.

Beking pauda usiongeze. Kazi yake ni kutoa hewa, na hewa inahitaji kitu cha kuibeba. Katika mchanganyiko uliolowa na usio na cha kuushika, hewa ikizidi mkate unapanda kwa haraka, halafu katikati panabonyea, na unabaki na ladha ya sabuni ulimini. Katika kipimo kipya nitakachokupa, chenye maji machache na mayai ya kuushika mkate, vijiko viwili vya chai vinatosha kwa vikombe vitatu vya oti.

Hiki hapa ndicho kipimo ninachokushauri kwa ajili ya mavyaa. Oti vikombe 3, kama gramu 270, zile za bapa zilizo kavu tupu. Soma maandishi ya pakiti, maana zipo zinazouzwa zikiwa tayari zimetiwa sukari na ladha; na zile oti zilizokatwa ngumu kama mchele usitumie hapa, hazilainiki kwa wakati. Ndizi mbivu 3 kubwa, au ukitumia zile ndizi ziitwazo kisukari, ambazo ni ndogo, pima mpaka upate kikombe kimoja na robo cha ndizi iliyopondwa. Mkono wa tembo uache kwa kupikia. Karoti iliyokwaruzwa kikombe kimoja bila kushindilia. Tende 8 tu. Mayai 3. Mafuta ya kupikia vijiko vikubwa 3. Korosho au lozi zilizokatwakatwa nusu kikombe. Chumvi nusu kijiko cha chai. Zabibu na asali ziache kabisa.

Ukisoma hivyo utaona utamu umepungua sana, na hapa ndipo viungo vyetu vinapookoa. Iliki iliyotwangwa papo hapo, kijiko cha chai kizima, mdalasini kijiko kingine, na kungumanga iliyokwaruzwa kidogo tu. Kisha ganda la chungwa moja, lile la juu lenye rangi peke yake, maana lile jeupe la ndani ni chungu. Ulimi uliozoea kukutana na iliki na mdalasini kwenye vitamu hudhani utamu ni mwingi kuliko uliopo. Tafadhali tu usiamini maneno kwamba mdalasini unashusha sukari kiasi cha kuacha dawa. Utie kwa ladha.

Chukua kikombe kimoja kati ya vile vitatu vya oti ukisage kwenye blenda, au ukitwange kwenye kinu mpaka kilainike. Sehemu hii iliyosagwa ndiyo itakayokuwa gundi, na vikombe viwili vilivyobaki vitampa mavyaa cha kutafuna. Nakushauri usisage oti zote, kwa sababu kadiri chembe inavyokuwa laini ndivyo tumbo linavyoivunja upesi na sukari kupanda upesi, na mkate nao unakuwa kama udongo. Tende zitoe kokwa, ziroweke kwa vijiko vikubwa viwili vya maji ya moto mpaka zilainike, kisha ziponde zisibaki na vipande. Tende iliyopondwa husambaza utamu mkate mzima. Ikibaki vipande, mtu anaula mkate akiutafuta.

Piga mayai na mafuta, tia ndizi, tende, karoti, chumvi na viungo, kisha oti zote na korosho. Sasa funika bakuli uache kwa nusu saa, na kama una saa nzima ni bora. Usiruke hatua hii. Ukirudi utakuta mchanganyiko umekaza, ukichota kwa mwiko unaanguka kwa vipande vizito na haumiminiki. Kama bado unamiminika, ongeza oti mkono mmoja na subiri tena. Ukiwa umekaza mno mpaka mwiko unasimama, tia kijiko kimoja au viwili vya maziwa. Beking pauda itie mwisho kabisa, moto ukiwa tayari, kwa sababu inaanza kazi mara tu inapopata unyevu, na ukiitia mapema hewa yake itakwisha bakulini.

Ama kuhusu oveni, usihuzunike. Watu wa visiwa hivi wamepika mkate wa kumimina na mkate wa mayai kwa mkaa miaka mingi kabla ya oveni kuingia majumbani, na ustadi huo unao tayari mikononi. Tofauti ni kwamba mkate wa kumimina ni mwembamba na mwepesi, unataka moto wa juu wenye nguvu. Huu ni mzito na una sukari ya matunda. Sukari ya tende, ya asali na ya ndizi huwahi kubadilika rangi na kuungua kuliko sukari ya kawaida, ndiyo maana juu paliungua na ndani bado.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa kina cha sufuria. Moto husafiri polepole sana ndani ya kitu kizito, na ukizidisha unene mara mbili, muda wa kuiva katikati unakaribia mara nne. Mkate wa kina cha sentimita 4 ukiiva kwa saa moja, wa sentimita 8 unataka karibu saa nne, na hakuna mkate utakaokaa saa nne juu ya mkaa usiungue. Tafuta bati au sufuria pana, ya kipenyo cha sentimita 20 hivi, ili mchanganyiko ukae kina cha sentimita 3 au 4 tu. Paka mafuta, tandika karatasi ya kuokea, au jani la mgomba ulilolipitisha juu ya moto likalainika. Mimi napenda jani, linaacha harufu nzuri chini ya mkate na haligandi.

Chukua sufuria kubwa nzito, tia mchanga mkavu ulio safi kina cha vidole viwili, funika, iteleke kwenye seredani mpaka mchanga upate moto, kama dakika kumi na tano. Mchanga unatuliza moto na kuusambaza, ili chini kusiwe na doa moja linaloungua. Kupima, weka kipande cha karatasi nyeupe ndani ya sufuria, ufunike dakika tano. Ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, moto ni wa kiasi. Ikiwa nyeusi au kahawia iliyokoza, punguza makaa na subiri. Ikibaki nyeupe, ongeza. Sasa weka bati lako juu ya mchanga, funika, na palia juu makaa machache tu, yaliyokwisha kushika majivu. Nusu saa ya mwanzo moto wa juu uwe mdogo kabisa. Ukiona mkate umeanza kushika, ndipo uongeze kidogo kupata rangi. Muda wote ni kati ya dakika 50 na saa moja na robo, kutegemea sufuria na makaa yako. Choma kijiti katikati: kikitoka kimeloa rojo, bado, kikitoka na chembe mbili tatu zilizoshikana, umeiva. Juu pakiwahi kukoza, ondoa makaa ya kifuniko na acha chini pamalize kazi. Fanya yote haya uani au jikoni penye madirisha wazi, moshi wa mkaa usioonekana ni hatari kwenye chumba kilichofungwa. Mwenye oveni aweke nyuzi 165 za Selsiasi, rafu ya katikati, na asubiri kama saa moja.

Kisha usiukate. Najua watoto watakuwa wamekuzunguka, lakini mkate wa oti ukitoka motoni bado haujamaliza. Wanga wake hukaza kadiri unavyopoa, na ukiingiza kisu wakati una moto, mvuke unatoka, gundi inapasuka, na unapata makombo. Uache kwenye bati dakika ishirini, utoe, upoe kabisa. Ukiweza kuufunga kwa kitambaa safi na kuukata asubuhi yake, utashangaa, ni mkate mwingine. Tumia kisu cha meno. Kwa joto na unyevu wa Pemba usiuache mezani zaidi ya siku moja. Ndani ya friji unakaa siku nne, na vipande vilivyofungwa kimoja kimoja kwenye friza vinakaa mwezi na zaidi. Kumfungia mavyaa kimoja kimoja kunasaidia pia mkono usirudi kwenye sahani.

Watoto unaweza kuwapikia wao na zabibu kidogo, hawana haja ya kula cha mgonjwa. Walio chini ya miaka mitano korosho zisagwe, vipande vinaweza kuwapalia. Na kama yupo mtu nyumbani aliyekatazwa ngano na daktari kwa sababu ya ugonjwa wa utumbo, asile oti za kawaida pia, kwa sababu nyingi husagwa kwenye mashine za ngano.

Sasa mavyaa ale vipi? Kata mkate vipande 16. Kwa kipimo nilichokupa, kipande kimoja kina wanga kama gramu 17, na kati ya hizo sukari ni kama 5, wakati kile cha kwanza kilikuwa na karibu 40 na sukari ilipita 30. Kipande kimoja, na chai isiyotiwa sukari. Kile kipande kihesabiwe mahali pa boflo au chapati ya asubuhi, kisiwe nyongeza juu yake, maana hapo ndipo wengi wanapoteleza. Akila pamoja na yai la kuchemsha au mtindi usiotiwa sukari, kitashuka polepole zaidi.

Na msikisie. Kama mna kipimo cha kidole nyumbani, mpimeni kabla hajala, na tena saa mbili baada ya tonge la kwanza. Andika namba zote mbili. Ikiwa namba ya pili imeizidi ya kwanza kwa zaidi ya 3, au saa mbili baadaye iko juu ya 10, kipande hicho ni kikubwa kwake. Mpe nusu siku nyingine mpime tena. Watu wawili wenye kisukari hula kitu kimoja na miili ikajibu tofauti, kwa hiyo namba za mavyaa zina nguvu kuliko maneno yangu na kuliko ya yeyote aliyekwambia ni salama. Kama hamna kipimo, daftari hilo lianzieni kliniki. Mtu mzima mara nyingi hupangiwa kiwango chake na daktari, si lazima kiwe sawa na cha kijana, basi muulizeni kiwango chake ni kipi.

Asipunguze kidonge hata kimoja kwa sababu ameanza kula oti. Na upande wa pili, kama vidonge vyake ni vya aina inayoweza kuishusha sukari mno, mfano glibenklamaidi, asikose mlo akisubiri mkate. Akitetemeka, akitoka jasho la baridi, moyo kumwenda mbio au maneno yake kutoeleweka, mpimeni. Ikiwa chini ya 4 apewe mara moja vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji au nusu glasi ya soda ya kawaida, na apimwe tena baada ya dakika 15. Wakati huo usimpe mkate huu, nyuzinyuzi na mafuta yake vitaichelewesha sukari na yeye anaihitaji upesi. Akiwa amezimia au hawezi kumeza, usimtie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali.

Mpelekeni pia bila kungoja asubuhi kama sukari inabaki juu ya 15 mkirudia kupima, au kama ana kiu na anatapika, analegea, amekuwa mzito wa kuamka au anachanganyikiwa. Kwa wazee wenye kisukari hali hiyo huingia polepole kwa siku kadhaa, na watu wa nyumbani hudhani ni uchovu. Hospitali ya Chake Chake iko karibu nanyi, na kwa walio kusini ipo ya Abdalla Mzee, Mkoani.

Lipo jambo moja la kuuliza kabla hujateleka mkate wa pili: figo zake zimeshapimwa? Kisukari cha muda mrefu huzigusa figo za wengi, na figo zikiwa dhaifu, ndizi, tende na karanga za aina zote huwa na potasiamu nyingi kuliko zinavyoweza kuitoa, na potasiamu ikizidi huusumbua moyo. Ikiwa ameshaambiwa kuna tatizo hilo, au hajapimwa mwaka huu, muulizeni daktari wake kwanza, ukiwa umebeba kipimo cha mkate umekiandika kwenye karatasi ili akione kitu kwa kitu.